Bunduki Inayogoma Alfajiri

Lukore, Kwale
21 Julai 1964

Mpendwa Mshauri,

Alfajiri ya Jumamosi iliyopita, tarehe 18 mwezi huu, nilipoteza jirani. Hakufa. Yu hai, moshi wa jiko lake nauona hapa nilipokaa nikiandika, lakini nimempoteza, na nakuomba unisaidie kujua kama nimempoteza kwa haki au kwa makosa, maana mimi ni mtu wa hesabu na hesabu yangu inanijibu jambo moja na mke wangu ananijibu jingine, nami nimechoka kulala nimepewa mgongo.

Usinichukulie kuwa mtu wa maneno mengi. Nilianza nikiwa mfua nazi Msambweni, nafua nazi za watu kutwa nzima, viganja vimejaa sugu, na leo nina kinu changu mwenyewe cha kusindika mafuta ya nazi, nina shamba la muhogo na mahindi hapa mlimani, sikurithi wala sikupewa na mtu. Mafuta yangu yanakwenda kwa lori hadi Nairobi, na huko wanayagombea kwa sababu hayana maji wala hayakuchanganywa na kitu. Yakifika kule huwa yameganda meupe kama siagi, nami huwaambia wateja wazi kwamba hiyo ndiyo alama ya usafi, yasiyoganda msinunue.

Sasa bunduki. Mwezi wa Januari nilinunua bunduki ya marisau kwa Mzungu mmoja aliyekuwa meneja wa mkonge, ambaye alikuwa akifunga virago kurudi kwao, tukaenda pamoja hadi ofisini Kwale, kibali kikaandikwa kwa jina langu, kila kitu halali. Si bunduki hizi za kukunjwa katikati. Hii chini yake ina mkono wa chuma kama bangili kubwa. Unapiga, unausukuma mkono mbele, ganda lililokwisha kupigwa linaruka nje kwa juu, unaurudisha mkono, na risasi nyingine inanyanyuliwa kutoka kwenye bomba lililo chini ya mtutu inaingia mahali pake. Bomba linabeba risasi tano. Sijawahi kuona chuma chenye akili kama kile, na siku za kwanza nilikuwa nakaa nayo ukumbini haina risasi hata moja, nasukuma na kurudisha, nasukuma na kurudisha, kwa kuusikiliza mlio wake tu, mpaka Kadzo, ndiye mke wangu, akaniuliza kama huyo ndiye mke wa pili.

Niliinunua kwa ajili ya nguruwe mwitu. Wanatoka msituni kabla ya jua, wanaingia kwenye muhogo, na hata hawali kwa njaa, wanafukua tu na kuacha. Tumejenga dungu katikati ya shamba, yaani ule ulingo wa miti anaokaa mlinzi juu yake, na tangu Machi hadi mwisho wa Mei nililinda peke yangu, nikapiga risasi kumi na tisa, na haikukwama hata moja. Kumi na tisa kwa kumi na tisa.

Juni nguruwe hawakuja. Julai wakarudi, na jirani yangu Kombe, ambaye shamba lake limepakana na langu, akaanza kupanda dungu pamoja nami, yeye na mkuki wake na mbwa wake, mimi na bunduki. Na tangu siku ile aliyopanda Kombe, bunduki ikaanza kugoma. Mara ya kwanza nilimpiga nguruwe, nikausukuma mkono, ukaenda mzito kama mlango ulioegemewa na mtu upande wa pili, ganda likatoka nusu likabaki limebanwa, nikalichokoa kwa kisu. Kombe akacheka sana. "Baba Kenga, bunduki yako ina usingizi kunishinda mimi. Iamshe kwa adabu, ibishie hodi." Mara ya pili ganda halikutoka kabisa, kuna kijikulabu mle ndani kinachotakiwa kuushika ukingo wa ganda na kulivuta, nikakitazama, kimelala, hakishiki kitu. Mara ya tatu ganda lilitoka, kumbe risasi inayofuata haikupanda, kile kijiko kinachoinyanyua kilibaki chini, nami nikarudisha mkono na kufungia hewa tupu.

Mimi sikukaa nikaishangaa. Tangu niinunue naipaka mafuta, tena si ya dukani, mafuta yangu mwenyewe ya nazi, na kila ilipogoma niliiongezea. Mara ya kwanza kijiko, mara ya pili vijiko viwili, mara ya tatu nikaimiminia mpaka ikachuruzika, na zile risasi, ambazo maganda yake ni ya karatasi nene, nikazipaka moja moja zisinywe unyevu wa ukungu. Hakuna bunduki Kwale nzima iliyotunzwa namna hiyo. Kisha nikaijaribu. Saa saba mchana, nimemaliza kazi ya kinu, nikaenda nayo shambani peke yangu: risasi tano zikaingia, maganda matano yakaruka. Siku nyingine, mchana tena: tano kwa tano. Nikaipeleka Mombasa kwa fundi wa bunduki, nikafika adhuhuri jua la kupasua kichwa, akaisukuma na kuirudisha mara nyingi, akainusa, akasema inanukia wali wa nazi, kisha akanitazama kwa huruma. "Mzee, bunduki haiumwi hii. Labda mwenyewe."

Ndipo nikapiga hesabu yangu. Nikiwa bila Kombe: risasi ishirini na tisa, haikukwama hata moja. Nikiwa na Kombe: siku tatu, imekwama zote tatu. Wewe ungesemaje, Mshauri? Nami sikumwambia mtu. Nilikaa nayo moyoni.

Ikaja hiyo Jumamosi. Ukungu ulikuwa mzito, nguruwe wakaingia wanne, na Kombe akaninong'oneza, "Wewe mpige wa mbele, mimi nashuka niwazuie wasikimbilie kwangu. Dume likinijia, hilo ni lako."

Nikamwambia, "Shuka, nipo."

Akashuka. Nikapiga. Nikausukuma mkono, ukasogea upana wa kidole ukasimama. Dume likageuka likamfuata Kombe, naye chini anapiga kelele, "Piga, Baba Kenga! Piga basi!" na mimi juu nasukuma na kuvuta kama mtu anayegombana na punda. Likamchana shavu la mguu. Mbwa wake ndiye aliyeliondoa. Tulimkimbiza hospitali ya Msambweni, ameshonwa, sasa anatembea kwa fimbo.

Watu walipokuja kumpa pole walimpa yeye pole na mimi wakanipa maswali. Mwinga mwenye duka akaniuliza mbele ya halaiki kama nilikuwa nangoja nguruwe amalize kwanza. Damu ikanipanda, nikayatoa yote niliyokuwa nimeyaficha, nikasema mwulizeni Kombe mwenyewe ameifanya nini bunduki yangu, maana bila yeye haikwami na mbele yake haifanyi kazi, na hesabu ninayo. Kombe alikuwa amelala kitandani mguu juu ya mto. Hakupandisha sauti.

"Unasema nimeifunga bunduki, halafu nikashuka nikasimama chini yake?"

Nikamjibu, "Huenda ilikugeukia."

Wazee waliokuwapo wakasema neno hilo haliwezi kuachwa likizurura, Kombe ale kiapo cha papai kwa mganga; kama alifanya, mdomo utavimba, kama hakufanya, mimi nitamfidia mbele ya watu. Nilidhani atakataa. Akasema, "Nitakula. Nitakula papai zima na mbegu zake. Lakini nikishakula, Baba Kenga, watoto wako wasije tena kwangu kuomba moto."

Tangu tulipohamia mlima huu tumekuwa tukiombana moto, Mshauri. Moto wake ukizimwa na mvua huja kwangu, wangu ukizimika huenda kwake. Kadzo naye hanisemeshi ila kwa lazima. Kila asubuhi anatoka nje anakaa ukutani kuota jua na chupa yake ya mafuta ya nywele, mgongo wake kwangu, na uji wangu unapoa. Neno moja tu amenipa, kwamba mtu hahitaji uchawi kushindwa kuvuta chuma, na nilipomtaka anieleze akasema hakusoma hesabu.

Kiapo ni Jumapili, tarehe 2 Agosti. Gazeti lenu la Ijumaa hutufikia na basi la alasiri. Sitaki pole, na sitaki kuambiwa nisubiri. Nataka unijibu moja kwa moja: je, mtu anaweza kuifunga bunduki ya mwenzake igome mbele yake peke yake, ndiyo au siyo, na kama siyo, ni nini basi kinachoifunga? Nilipate jibu Ijumaa hiyo ya tarehe 31. Ijumaa ya baadaye haitanifaa kitu.

Ni mimi,
Mwenye Hesabu



Ndugu Mwenye Hesabu,

Siyo. Ulitaka jibu la moja kwa moja, umelipata katika neno la kwanza. Sasa kaa kitako usikie na mengine ambayo hukuyaomba.

Kwenye meza hii nimeletewa waume wasiolala nyumbani, wake wasiosemeshana na mawifi, na wakwe wanaohesabu nyama zilizo chunguni. Bunduki ndiyo mara ya kwanza kuletewa. Barua yako niliisoma mara mbili nikicheka, na mara ya tatu sikucheka, nikaichukua mpaka kwa mzee mmoja aliyekuwa fundi wa silaha jeshini. Si huyo wako aliyenusa wali, ingawa pua yake ilikuwa karibu kukusaidia. Nikamsomea yote. Alikuwa anamenya chungwa.

"Huyo bwana anakaa pwani au mlimani?" akaniuliza.

"Mlimani."

"Na mambo haya yameanza Julai?"

"Julai."

"Basi," akasema, akala chungwa lake. Nikamwambia hiyo "basi" siwezi kuichapa gazetini. Akaniambia, "Bibi, wewe nywele zako unapaka nini? Kesho amka mapema ukaitazame chupa."

Nikaamka mapema. Hapa Mombasa penyewe, penye joto, mafuta yangu ya nazi yalikuwa yameanza kuwa meupe chini ya chupa. Nikaketi nayo nikajiona mjinga kidogo. Kisha nikakukumbuka wewe, nikajiona nina nafuu.

Maana wewe, ndugu yangu, ndiye unayeyasindika! Umeniandikia kwa mkono wako kwamba mafuta yako yakifika Nairobi huganda kama siagi, na unajisifia hilo kwa wateja. Ulidhani baridi haijui njia ya kwako? Kaskazi yote na hata masika mafuta yako yalikuwa maji, na bunduki ikafanya kazi, kumi na tisa kwa kumi na tisa. Ikaja Julai, ukungu wa alfajiri juu ya mlima, na yale mafuta mazuri yasiyochanganywa yakafanya yanayoyafanya mafuta safi. Kijikulabu kililala kwa sababu springi yake imezama ndani ya siagi. Kijiko cha kunyanyua risasi hakikupanda kwa sababu hiyo hiyo. Mkono ukawa mzito kwa sababu masizi ya baruti na vumbi la shamba vimekorogeka na mafuta vikawa uji mle ndani. Saa saba mchana jua limeyayeyusha yote, nawe unasimama peke yako shambani unapiga tano kwa tano na kumshuku Kombe. Na kila ilipogoma uliiongezea ugonjwa kwa vijiko.

Mkeo anaketi juani na chupa asubuhi. Ulidhani chupa ndiyo inayosikia baridi? Anayayeyusha apate kupaka! Jawabu limekaa ukutani kwako kila siku na wewe unalalamikia uji.

Hesabu yako si mbaya, na hili nakwambia kwa heshima. Umehesabu kweli ulichokiona. Ila mahali palipotakiwa kukaa alfajiri umemkalisha Kombe. Hukuijaribu alfajiri bila yeye hata mara moja. Hukumwita mchana hata mara moja. Kwa mtu mwenye kinu, ambaye najua hanunui mbata bila kuivunja na kuionja, shaka hii juu ya mwenzio uliinunua mzigo mzima bila kufungua gunia.

Na lipo la pili, nalo si la mafuta. Mwinga alipokuuliza kwa nini hukupiga, ulikuwa na jibu la kweli mdomoni: ilikwama, na sijui kwa nini. Hukulitoa. Ulikuwa umeaibika, ukatafuta pa kuiweka aibu, ukaiweka juu ya mtu aliyelala na nyuzi mguuni. Alishuka kwa sababu ulimwambia "Shuka, nipo." Siku tatu ameiona bunduki ikigoma, na ya nne akashuka kwa neno lako. Yeye alikuamini wewe kuliko alivyoiamini bunduki. Hilo uliliweka mstari gani katika hesabu?

Nakuonea huruma pia. Kusimama juu huku mwenzio anakuita chini, na chuma hakisogei, ni jambo litakalokuamsha usingizini muda mrefu. Lakini huruma yangu haimponyi Kombe.

Sasa fanya hivi. Leo Ijumaa, ukishasoma, toa risasi zote, za bombani na ile inayoweza kuwa imebaki mtutuni, uhesabu, na uhesabu tena. Hapo ndipo hesabu yako inapohitajika. Zile ulizozipaka mafuta usizipige kamwe. Karatasi imekunywa mafuta ikavimba, ndiyo maana nyingine zilikuwa zinang'ang'ania mle ndani, na mzee wangu anasema risasi yenye mafuta huweza kumwumiza mpigaji mwenyewe. Mpelekee fundi azitupe anavyojua. Bunduki usiisafishe. Iache na uji wake, tupu, mahali penye baridi. Kisha chukua kifuu cha nazi, tia ndani yake mafuta yako vijiko viwili, kiache nje ya mlango usiku kucha.

Kesho Jumamosi, kabla ya jua, nenda kwa Kombe na kifuu na bunduki. Usimwite kwako, mguu ni wake. Bisha hodi kwa adabu, kama alivyokufundisha. Mwoneshe kifuu. Ishike bunduki wewe, maana kibali ni chako, yeye ausukume mkono tu. Utakwama. Mwombe radhi hapo hapo, mafuta yakiwa bado yameganda. Usingoje yayeyuke ndipo useme, maana yakishayeyuka utakuwa unaomba radhi kwa kushindwa, na ninataka uombe kwa kukosa. Halafu kaeni wawili juani, mnywe chai kama mkewe atakupa, mpaka kifuu kiwe maji. Asukume tena. Autie mkono wake mwenyewe katika jawabu.

Adhuhuri nendeni pamoja kwa wazee, wewe ndiye useme, na useme kwa sauti ile ile uliyomshtakia, na Mwinga awepo. Kiapo kifutwe. Hilo papai likakatwe na kuliwa kama watu wengine wanavyokula papai, baada ya chakula. Fidia waliyoitaja wazee ilipe bila kungoja mdomo wa mtu uvimbe au usivimbe. Na mpaka Kombe atakapoitupa fimbo, shamba lake unalilinda wewe kabla ya lako.

Bunduki baadaye. Fundi aifungue yote, aioshe kwa mafuta ya taa, aifute ikauke, kisha matone machache ya mafuta ya cherehani, machache, si ya kuogeshea. Risasi mpya zikae kavu katika kopo lenye kifuniko. Mafuta yako ya nazi yarudishe yanakostahili, kwenye nywele za Kadzo, na ukimkuta juani asubuhi, keti naye. Usiulize uji.

Umenipa siku, nami nakupa yako. Kabla ya Ijumaa ya tarehe 7 Agosti nataka barua mezani kwangu, na humo sitaki kuona hesabu hata moja. Nijibu hili tu, moja kwa moja: moto mnaombana, au hamwombani?

Mshauri